Kumtumaini Mungu Siku za Hofu: Wakristo wa Nyanda za Juu Kusini tangu Mwaka 1905

(Mhadhara uliotolewa katika juma la Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Katika sherehe za namna hii ni desturi kuhesabu. Huhesabiwa waliobatizwa na waliobarikiwa Kipaimara, majengo, mabati, kengele na kwaya. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nazo zinastahili heshima. Mhadhara huu umepewa jambo lisilohesabika kwa wepesi, nalo ni hofu. Wakristo wa Mbeya na Iringa waliogopa nini, na walipoogopa walifanya nini? Swali hili si la kupitisha muda. Kanisa likisimulia ushujaa peke yake, kijana anayeogopa leo atadhani kwamba imani ya babu zake ilikuwa ya namna nyingine, isiyomfaa yeye.

Injili ya Kilutheri iliingia katika nchi hizi mwaka 1891, wakati Mmisionari Alexander Merensky na wenzake wa Misioni ya Berlin walipopanda kutoka Ziwa Nyasa na kuingia Unyakyusa. Mwaka huohuo Wamoravian walianza kazi Rungwe. Kutoka Unyakyusa Waberlin walivuka milima kwenda Ukinga, wakaanza Bulongwa mwaka 1895, kisha wakaendelea Ubena na Uhehe. Nchi waliyoingia haikuwa nchi ya utulivu. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Emil von Zelewski, naye akauawa. Boma la Kalenga lilianguka mwaka 1894, na Mkwawa akajiua kwa risasi mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Kwa hiyo wazee wa kwanza kubatizwa upande wa Iringa walikuwa watu waliokwisha kuona moshi wa vijiji vyao. Hofu haikuja kwao pamoja na Ukristo, wala haikuondoka siku ya ubatizo.

Jaribu kubwa la kwanza lilikuja mwaka 1905. Vita ya Majimaji ilianza mwezi Julai huko Umatumbi, mbali sana na nyanda hizi. Kinjikitile Ngwale, aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani kule Mohoro tarehe 4 Agosti. Lakini kifo chake hakikuyazuia maji yale. Yalichukuliwa na wajumbe kutoka kabila hadi kabila, nayo yalikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama, pamoja na ahadi kwamba risasi za Mzungu zitageuka kuwa maji. Wiki sita tu baada ya Kinjikitile kunyongwa, tarehe 19 Septemba 1905, wapiganaji Wabena wa upande wa Mtwa Mbeyela walikishambulia kituo cha misioni cha Yakobi, karibu na Njombe. (Sehemu hiyo ilihesabiwa katika Mkoa wa Iringa kwa miaka mingi, kabla ya Mkoa wa Njombe kuanzishwa mwaka 2012.)

Ndani ya kituo alikuwamo Mmisionari Paul Gröschel pamoja na Wakristo waliokimbilia humo. Walijilinda hadi washambuliaji waliporudi nyuma. Baada ya hapo hawakukaa kungoja shambulio la pili. Walikiacha kituo wakaenda Kidugala, na nyuma yao Yakobi ikateketezwa kwa moto.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha ushindi wa imani. Huenda ni hivyo, lakini hapana budi kukitazama kizima. Waliokuwa ndani waliomba, na pia walishika bunduki. Walikaa kwanza, na baadaye walikimbia. Hakuna aliyewaambia kwamba risasi au mishale haitawadhuru. Na waliokuwa nje nao walikuwa watu wenye hofu. Waliogopa kodi, kazi za kulazimishwa, viboko vya maakida na askari, na kupotea kwa uhuru wa baba zao. Machoni pao misioni na serikali vilikuwa ukuta mmoja. Baadhi yao walikuwa na ndugu zao ndani ya ukuta huo. Mkristo anayesoma habari za Yakobi akafurahi kwamba adui alishindwa, bila kuuliza adui huyo alikuwa mtoto wa nani, amesoma nusu tu ya habari.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko vita yenyewe. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji, maghala na mashamba ili njaa imalize kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Serikali ya wakati ule ilikadiria vifo 75,000. Wanahistoria waliofuata wamefikisha makadirio hadi 250,000 na hata 300,000. Sehemu kubwa ya hao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kukosa chakula, waliopigana na wasiopigana, wazee na watoto wachanga. Katika njaa ile Mkristo na asiye Mkristo walichimba mizizi ileile porini.

Ndipo linapotokea swali ambalo washarika wamekuwa wakiliuliza kwa vizazi, kwa sauti na kwa kunong'ona: je, waliokimbia kutoka Yakobi hadi Kidugala walipungukiwa imani? Kanisa la Kilutheri lina jibu la zamani kwa swali hilo, nalo halikutolewa katika vita. Lilitolewa wakati wa ugonjwa.

Mwezi Agosti mwaka 1527 tauni iliingia katika mji wa Wittenberg. Mtawala wa Saxony, Johann, alimwagiza Martin Luther ahamie Jena pamoja na chuo kikuu. Luther hakwenda. Alibaki na Mchungaji Johannes Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa, na nyumba yake yenyewe ikageuka kuwa kama hospitali, hali mkewe Katharina ni mjamzito. Katika miezi hiyo aliandika kijitabu kumjibu Johann Hess wa Breslau, ambaye pamoja na wachungaji wenzake alikuwa ameuliza kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni. Mtu angetazamia kwamba Luther, kwa kuwa yeye mwenyewe alibaki, angewalaumu waliokimbia. Hakufanya hivyo. Alifundisha kwamba kuilinda nafsi ni jambo ambalo Mungu ameliweka ndani ya mtu, na asiye na wajibu kwa jirani yake yu huru kuondoka. Asiyeruhusiwa kuondoka ni yule ambaye mwingine anamtegemea: mchungaji mbele ya anayekufa, mtawala mbele ya mji wake, mzazi mbele ya mtoto, mtumishi mbele ya bwana wake na bwana mbele ya mtumishi wake. Hao wanaweza kuondoka tu ikiwa yupo wa kushika nafasi yao. Kisha aliwageukia wenye kujigamba, wanaokataa dawa na tahadhari kwa kusema kwamba Mungu atawalinda, akasema kufanya hivyo si kumtumaini Mungu bali ni kumjaribu.

Kwa kipimo hicho, safari ya Kidugala haina aibu. Aibu ingekuwapo kama mtu angemwacha mgonjwa njiani.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa miaka iliyofuata, ambayo inaugusa usharika huu kwa karibu zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipovuka mpaka, ilifika huku kwa miguu ya wapagazi. Tarehe 25 Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kabla ya mwezi kwisha yalikuwa yamekwisha kuishika Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, na Iringa ikaangukia mikononi mwao tarehe 29 Agosti. Vituo vya misioni vikawa kambi na viwanja vya vita. Lupembe ilipiganiwa mwezi Novemba. Huko Ilembule, tarehe 26 Novemba 1916, kikosi kizima cha Wajerumani kilichoongozwa na Hübener kilisalimu amri. Maelfu ya vijana walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi hawakurudi. Kisha mwaka 1918, vita ikielekea ukingoni, ikaja homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikawakuta watu waliokwisha kudhoofishwa na njaa.

Katikati ya hayo wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa nchini. Neno hili husemwa haraka katika vitabu vya historia, lakini linataka kukaliwa kidogo. Katika vituo vya Waberlin wa nyanda hizi hapakuwa na mchungaji Mwafrika hata mmoja aliyekwisha kubarikiwa. Walikuwapo walimu. Mwalimu wa siku zile alikuwa mtu aliyejua kusoma, kuandika, kuimba na kueleza Katekisimu Ndogo. Pengine alikuwa na mke, watoto wanne na shamba la ulezi. Hakuwa na ruhusa ya kutoa Chakula cha Bwana. Alipoondoka Mzungu, hakuondoka mtu tu: uliondoka mshahara, iliondoka dawa, kikaondoka kinga mbele ya maofisa wapya waliomshuku kila aliyefanya kazi na Mjerumani.

Walimu hao walipaswa kuamua. Wengine waliacha kazi, na hakuna sababu ya kuwatukana. Walikuwa na familia za kulisha. Wengine walibaki. Waliokusanya watu siku ya Bwana waliwakusanya bila meza ya Bwana. Waliwafundisha wanafunzi wa ubatizo wasijue ni nani atakayewabatiza wala lini. Waliwazika waliokufa kwa mafua, na kazi hiyo peke yake ilitosha kumtia mtu hofu, maana aliyezika leo aliweza kuzikwa kesho. Wamisionari wa Uskoti kutoka Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walisaidia baadaye kuziangalia sharika hizi, na msaada wao haufai kusahauliwa. Lakini Waskoti walikuwa wachache na njia zilikuwa ndefu. Kwa siku nyingi za juma, Kanisa lilikuwa ni mwalimu na waliomsikiliza.

Wajerumani waliruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925. Walikuta nini? Vituo vingine vilikuwa magofu. Lakini walikuta pia watu wanaongoja ubatizo, na vijiji vyenye Wakristo ambao hakuna mmisionari aliyepata kuwafikia. Kanisa lililokuwa limeachwa yatima lilikuwa limeongezeka. Sharika ambazo zinasherehekea miaka mia katika miaka hii zilizaliwa katika majira hayo. Kwa sababu hiyo ni kosa kuihesabu historia yao kuanzia siku Mzungu alipofunga nyumbu wake chini ya mti. Mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa na mtu aliyeitwa Mwalimu tu, tena katika miaka ambayo mwenye busara ya dunia asingepanda kitu.

Jambo hilo lilijirudia mwaka 1939, Wajerumani walipokamatwa tena. Safari hii msaada ulitoka kwa Walutheri wa Sweden na Marekani, na Kanisa lilikuwa na mazoea ya kusimama. Haina haja kulikawiza hapa. Njia hiyo iliendelea hadi tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana kuwa Kanisa moja.

Hofu ya kizazi kilichofuata haikuja na bunduki. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini alionekana Kagera mwaka 1983, na watu wa Kusini walisema ni ugonjwa wa huko. Lakini barabara kuu ya kwenda Tunduma hupita Mafinga, Makambako na Mbeya, na ugonjwa ulijua barabara. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003/04 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wa miaka 15 hadi 49 waliopimwa, asilimia 13.5 mkoani Mbeya na asilimia 13.4 mkoani Iringa walikuwa na virusi, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 7. Uchunguzi wa 2007/08 uliifikisha Iringa asilimia 15.7, mkoa wa kwanza nchini. Katika Makete, milimani Ukinga, hukohuko ambako Bulongwa ilianza mwaka 1895, zilikuwapo nyumba nyingi zilizobaki na bibi na wajukuu tu, kizazi cha katikati kikiwa makaburini nyuma ya nyumba.

Wengi waliomo katika ibada ya leo walikuwapo wakati huo, kwa hiyo si vema kuipamba habari. Mimbari nyingine zilihubiri hukumu kabla ya kuhubiri rehema. Wapo walioogopa kukinywea kikombe kimoja katika Chakula cha Bwana, wakatafuta viti vya mbele ili wanywe kabla ya aliyekonda. Jina la ugonjwa halikutajwa msibani. Ilisemwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, na kila mtu akaelewa. Hofu hii ilikuwa na sumu kuliko ile ya 1905, kwa sababu ukuta wake ulijengwa ndani ya usharika wenyewe.

Walioubomoa hawakufanya hivyo kwa maazimio. Walikuwa akina mama waliobeba ndoo na sabuni kwenda kumwosha mgonjwa ambaye ndugu zake waliogopa kumgusa. Walikuwa wauguzi wa hospitali za Kanisa, Ilembule, Bulongwa na Itete, walioingia zamu huku baadhi yao wakijua hali zao wenyewe. Walikuwa bibi waliorudi shambani na jembe wakiwa na umri wa kupumzika, kwa kuwa wajukuu wanane walitaka daftari na uji. Luther alikuwa amewataja wote hao katika kijitabu chake, ijapokuwa hakuwajua: ni wale ambao mwingine anawategemea.

Mwezi Oktoba 2004 dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali. Ndipo ilipodhihirika kwamba hofu haiondoki kwa dawa kupatikana. Mwaka 2011, hasa mwezi Machi, taifa zima lilielekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa Kanisa hilihili, ambaye watu walimwita Babu. Kikombe kimoja kilitolewa kwa shilingi 500, na alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha mti ule. Magari yalipanga mstari kilomita nyingi. Kutoka Mbeya na Iringa walikwenda washarika, na haikuwa siri. Mzee yule alifariki mwaka 2021, na si kazi ya mhadhara kumhukumu marehemu. Linalopasa kukumbukwa ni kwamba baadhi ya waliokunywa waliacha dawa zao za hospitali, kwa kuamini kwamba kuendelea kuzimeza ni kukosa imani.

Maji ya mwaka 1905 na kikombe cha mwaka 2011 havilingani katika kila jambo. Maji yale yalikuwa pia wito wa watu walioonewa, na Taifa linawaheshimu waliokufa kwa ajili ya uhuru. Lakini mwenye kuogopa katika nyakati zote mbili alitaka kitu kimoja: kitu cha kunywa mara moja, kitakachomwondoa katika hatari. Injili iliyoletwa Bulongwa na Yakobi haikutoa ahadi hiyo. Msomaji wa Zaburi ya 46, ambayo Luther aliitungia wimbo unaoimbwa kila Sikukuu ya Matengenezo, ataona kwamba milima ndani yake inatikisika kwelikweli. Aliyepewa Injili hiyo alipewa jirani wa kumwangalia wakati milima inatikisika, pamoja na Mungu asiyemwacha katika kazi hiyo.

Hofu ya namna hii haijaisha. Kati ya mwisho wa mwaka 2018 na mwanzo wa 2019 watoto waliuawa Njombe katika mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na wazazi wakaanza kuwasindikiza watoto wao shuleni mmoja mmoja. Wanaotafuta viungo vya mtoto ili wapate mali nao wanataka dawa ya mkato, na haijulikani kama wote walikuwa mbali na orodha za sharika. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha Njombe bado iko juu kwa virusi vya UKIMWI, asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati taifa liko asilimia 4.4. Walio katika hesabu hiyo wengi wanameza dawa, wanalima viazi, wanalea watoto na kuimba katika kwaya.

Kuhusu walimu wa miaka ya 1916 hadi 1925, kuna kazi iliyobaki. Majina ya wamisionari yamo vitabuni, na picha zao zimetundikwa katika ofisi nyingi. Ya walimu wengi hayamo. Lakini wajukuu wao wapo, na baadhi wameketi hapa. Katika masanduku ya nyumbani huwamo vyeti vya ubatizo vilivyochakaa, nyimbo zilizonakiliwa kwa mkono, na kumbukumbu ya kaburi fulani chini ya mparachichi fulani. Mwenye cheti cha namna hiyo, au anayejua jina, kijiji na mwaka, na afike katika ofisi ya usharika, akiandike au aandikiwe. Kurasa za mwisho za kitabu hiki zimeachwa wazi kwa ajili ya majina hayo, nazo zina mistari tayari.